Shajara ya mradi: je, uga unaweza kuchotwa nishati tena na tena?

Jumamosi. Hoja na masharti

Mradi huu umezaliwa na ubishi. Fundi, mwenzangu anayesuka mota, anashikilia kwamba sumaku ya kudumu ni chanzo cha nishati ambacho watu bado hawajajua kukichota. Hoja yake naiandika hapa kama alivyoitoa, na nguvu zake zote, maana haina ujinga ndani yake. Sumaku ikivuta msumari, kazi imefanyika. Msumari ukiondolewa, sumaku iko vilevile. Itavuta wa pili na wa tatu, miaka nenda miaka rudi. Mvutano wa dunia nao umeangusha mawe tangu dunia iwe dunia na haujapungua. Kitu kinachofanya kazi bila kuisha, akauliza, tukiite nini kama si chanzo?

Jibu langu ni kwamba uga, yaani eneo la nguvu linaloizunguka sumaku au dunia, hauishi kwa sababu haujatoa kitu. Ulivuta msumari, sawa, lakini aliyeung'oa alirudisha kila kilichotolewa. Anayetaka kumjua mlipaji asikodolee macho safari ya kwenda, aangalie ya kurudi.

"Mwalimu, hayo ni maneno," akasema. "Yaweke mezani."

Basi tumewekeana masharti. Kila jaribio lizunguke mzunguko mzima: mwishoni vitu vyote viwe pale vilipoanzia, katika hali ileile, na mkono wa mtu ukigusa popote, kazi ya mkono huo ipimwe. Hili ndilo sharti lenye uzito. Video nyingi za "nishati ya bure" hukatwa gololi ikifika juu, kabla ya kurudi ilikotoka. Sharti la pili, betri zikae mbali na meza mpaka tukubaliane namna ya kuzipima. Hilo Fundi hakulipenda.

Jumapili. Reli ya sumaku

Tumeanza na mtambo wa zamani. John Wilkins, askofu wa Uingereza na mmoja wa waasisi wa Royal Society, aliueleza katika karne ya 17: sumaku imewekwa juu ya mteremko, inaivuta gololi ya chuma ipande, gololi ikikaribia kilele inadondokea tunduni, inarudi chini kwa njia nyingine, inavutwa tena. Wilkins mwenyewe aliona tatizo liko wapi. Sumaku yenye nguvu ya kuipandisha gololi haiwezi kukaa kimya gololi inapotaka kudondoka.

Ya kwetu ni safu mbili za sumaku za neodimiamu zinazobanana kadiri zinavyopanda, na katikati njia ya gololi ya beringi yenye kipenyo cha milimita 19. Gololi ya namna hiyo ina gramu 28 hivi, na kuiinua sentimita 3 kunataka milijouli 8 tu. Ilipanda. Sikatai, ukiiona inasisimua: chuma kinaelekea juu chenyewe, tena kwa kasi inayoongezeka. Juu ikasita, ikayumba mbele na nyuma, ikatulia ikiwa imeng'ang'ania ncha za safu.

Fundi akazitanua zile ncha, gololi ikaponyoka na kudondoka. Akapiga makofi. Tukaitengenezea njia ya kurudi mwanzo. Ikaviringika, ikapunguza mwendo, ikasimama kabla ya kufika mdomo wa reli.

"Huo ni msuguano tu," akasema.

Hapo ana haki ya kubisha. Nikisema mtambo haukuzunguka kwa sababu hauna ziada, naye akasema ziada ipo ila imeliwa na msuguano, gololi iliyosimama haitatuamulia. Kwa hiyo tuliacha kuiachia gololi tukaanza kuikokota taratibu kwa uzi uliofungwa kwenye mizani ya springi, hatua kwa hatua, kwanza mbele kisha nyuma kwa njia ileile. Sumaku hazijali unaelekea wapi: mahali pamoja, mvuto ni uleule. Msuguano ndio unaogeuka, maana siku zote hupinga mwendo. Ukichukua wastani wa vipimo vya kwenda na vya kurudi, msuguano unajitoa wenyewe na kinachobaki ni uga mtupu.

Wastani huo tuliujumlisha kwenye mzunguko mzima. Sehemu ya kupanda ilitoa, sehemu ya kuponyoka ilidai, na jumla ikakaa pembeni mwa sifuri, ndani ya ukali wa mizani yetu. Fundi aliitazama ile karatasi muda mrefu, kisha akasema mizani ya springi si kifaa cha kuvunjia ndoto za watu.

Jumanne usiku. Sumaku kama betri

Fundi kaja na hoja mpya. Sawa, mzunguko wa sumaku tuli hautoi ziada. Lakini sumaku ilipotengenezwa kiwandani ilitiwa nishati. Kwa nini isichotwe hiyo, hata kama sumaku itachoka polepole?

Hii ni rahisi kuliko zote, kwa hiyo sitakawia. Uga wa tesla 1 (tesla ni kipimo cha ukali wa uga wa sumaku) hubeba takriban jouli 400,000 kwa kila mita ya ujazo. Inasikika nyingi mpaka uishushe hadi sentimita moja ya ujazo: jouli 0.4. Betri ndogo ya alikalini, ile ya saizi ya AA, ina jouli zaidi ya 10,000 katika sentimita 8 za ujazo. Kwa hiyo hata tukimpa Fundi kila anachodai, sumaku yake ni betri iliyo dhaifu mara elfu kadhaa kuliko ya tochi. Mota iliyozunguka wiki nzima kwa "nguvu ya sumaku" ingekuwa imeiacha sumaku ikiwa kipande cha chuma mfu. Wanaozionyesha mota hizo hudai sumaku zao ziko vilevile, wakidhani hilo linawasaidia.

Alhamisi. Elektrofori

Leo nimemletea Fundi ushahidi wa upande wake, kwa makusudi. Kama kuna kifaa kinachoonekana kuchota kutoka uga tena na tena bila uga kupungua, ni elektrofori. Mswidi Johan Wilcke alikitengeneza mwaka 1762, na Alessandro Volta akakitangaza mwaka 1775 akikiita elektrofori ya kudumu. Mwaka huohuo wa 1775 Chuo cha Sayansi cha Paris kiliamua kutopokea tena mapendekezo ya mashine za mwendo wa kudumu. Nadhani hakuna aliyepanga, lakini napenda jinsi mambo hayo mawili yanavyokaa pamoja.

Tuna karatasi ngumu ya plastiki, na sahani bapa ya alumini yenye upana wa sentimita 20 iliyogundishwa mpini wa bomba la plastiki. Karatasi inasuguliwa kwa sufu, inapata chaji hasi. Sahani inalazwa juu yake, inaguswa kwa kidole, kidole kinaondolewa, sahani inainuliwa kwa mpini. Ukisogeza kidole ukingoni: pwa! Cheche ya milimita 4 hivi. Unailaza tena, unaigusa, unaiinua, cheche nyingine. Karatasi haisuguliwi tena. Fundi alifanya hivyo mpaka kidole kikaanza kumkera, na cheche ya mwisho ilikuwa nzima kama ya kwanza.

"Mwalimu, umejimaliza mwenyewe," akasema huku anacheka. "Chaji ya karatasi haikupungua. Cheche ni joto na mwanga. Imetoka wapi?"

Nikamwambia arudie, ila asiiinue sahani. Ailaze, aguse, aondoe kidole, aguse tena. Mguso wa kwanza ulitoa mlio mdogo. Wa pili, kimya. Wa tatu, kimya. Bila kuinua hakuna cheche. Kwa hiyo swali likawa: kuinua kunagharimu kiasi gani?

Tuliweka mizani ya kidijiti inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, juu yake gogo kavu la mbao ili chaji isiuchanganye umeme wa mizani, juu ya gogo karatasi, tukairudisha mizani sifuri. Sahani iliyokwisha kuguswa tukaining'iniza kwenye stendi milimita chache juu ya karatasi. Karatasi inavutwa na sahani kuelekea juu, hivyo mizani ikasoma chini ya sifuri: gramu 1.3 hivi. Tukapandisha stendi kidogo kidogo. Kwenye sentimita 4 mvuto ulikuwa umebaki karibu nusu, na ulipofika sentimita 20 ulikuwa unapotelea kwenye kuchezacheza kwa tarakimu. Gramu moja na ushee ni nguvu ambayo mkono hauisikii, na nadhani ndiyo sababu kifaa hiki kimewababaisha watu wengi.

Nguvu mara umbali, ikijumlishwa hatua kwa hatua, ilitupa karibu milijouli 1 kwa kila kuinua. Sasa cheche. Hewa huachia umeme kwenye kilovolti 3 hivi kwa milimita, kwa hiyo milimita 4 ni kilovolti 12. Sahani ya upana huo ikiwa peke yake hewani ina uwezo wa kubeba chaji wa pikofaradi 7. Nusu ya uwezo wake mara volti kipeo cha pili: nusu milijouli.

"Hesabu haifungi," akasema Fundi papo hapo. Kweli haikufunga. Na alivyokuwa mkali kuliko nilivyomtegemea, aliuliza swali sahihi: kama mkono umetoa 1 na cheche imepokea nusu, iliyobaki iko kwa nani?

Iko kwenye ule mlio mdogo wa kidole wakati sahani imelala. Tuliunga taa ndogo ya neoni kati ya waya wa ardhini na ncha ya kugusia sahani, tukazima taa ya chumba. Neoni ikamulika mara mbili kwa kila mzunguko: sahani ikiwa juu, na sahani ikiwa imelazwa. Tena, kwenye mmuliko mmoja uling'aa ukingo wa waya wa huku, kwenye mwingine wa kule. Katika neoni waya unaong'aa ni ule hasi, kwa hiyo mkondo ulikuwa unageuka. Sahani ikilala juu ya karatasi hasi, elektroni zake zinafukuzwa kwenda ardhini. Ikiinuliwa na kuguswa, zinarudi. Kila mzunguko una malipo mawili, na yote mawili yanatoka kwenye msuli unaoinua.

Huu ndio ukurasa ninaoupenda zaidi katika shajara hii, kwa sababu Fundi hakushindwa. Alisema uga unaweza kutumika mara elfu bila kupungua, na ni kweli, tumeona. Kilichobadilika ni jina la anayelipa.

Jumamosi. Ngao ya chuma

Kama uga tuli hautoi ziada, Fundi anasema tuufanye usiwe tuli. Sumaku mbili zikivutana ziachwe zifanye kazi, kisha bamba la chuma liingizwe katikati zisionane, zitenganishwe kwa bei rahisi, bamba litolewe, zivutane tena.

Kwa nadharia yuko mahali pazuri kuliko alivyojua. Sheria inayofunga mzunguko kwenye sifuri inahusu uga usiobadilika. Mwanahisabati Emmy Noether alionyesha mwaka 1918 kwamba kuhifadhika kwa nishati kunafuatana na sheria za maumbile kutobadilika kadiri muda unavyopita. Uga unaobadilika unaweza kabisa kukupa nishati, na transfoma zote zinaishi kwa hilo. Ila uga haubadiliki wenyewe. Kuna kitu kinachoubadilisha, na hicho ndicho kinachotozwa. Kwetu sisi ni bamba.

Bamba liliingia kwa kumezwa. Fundi akafurahi, kuingiza ni bure! Kulichomoa akahitaji mikono miwili. Tukapima kwa mizani ya springi tukaona jambo ambalo nilitaka aligundue mwenyewe: nguvu ya kulichomoa bamba hutegemea sumaku ya pili iko wapi wakati huo. Ikiwa karibu ni bei moja, ikiwa mbali ni bei nyingine, na tofauti hiyo ndiyo iliyomeza faida yote. Amejaribu kulipitisha kwa pembe, kwa kuzungusha, kwa kulikata matundu. Nimemwachia bamba aende nalo.

Jumatatu. Nyuga zinazotoa kweli

Siku ya kubishana bila vifaa. Fundi alikuja na orodha ya mahali ambapo watu wanachota kutoka uga kila siku, na sikuwa na sababu ya kumkatalia.

Maji kupwa na kujaa. Mtambo wa La Rance nchini Ufaransa unafanya kazi tangu 1966, una uwezo wa megawati 240, na anayeyasogeza maji yale ni mvutano wa Mwezi na Jua. Mara mbili kwa siku, bila kukoma. Je, si kuchota uga wa mvutano? Nikamwambia ni kuchota mzunguko wa dunia kwa kupitia mvutano. Mawimbi hayo yanaisuguasugua dunia ikizunguka, siku inarefuka kwa takriban milisekunde 2 kila karne, na Mwezi unasogea mbali nasi sentimita 3.8 kwa mwaka. Hapo mlipaji ana akiba kubwa mno, lakini daftari lake linaonyesha deni, na deni hilo limepimwa.

Kisha uga wa sumaku wa dunia. Februari 1996 chombo cha anga cha Columbia kilifungulia setilaiti kwenye kebo ya urefu wa karibu kilomita 20, na kebo hiyo ikikata uga wa dunia ikazaa volti zipatazo 3,500 kabla haijaungua na kukatika. Umeme wa kweli kabisa, sumaku ikiwa ni dunia nzima. Lakini mkondo ukipita kwenye kebo uga huisukuma kinyume cha mwendo, na chombo hupoteza kimo. Umeme ule ulinunuliwa kwa mafuta yaliyokirusha.

Hoja yake bora kabisa aliiweka mwisho: uga wa umeme wa angahewa. Siku ya anga safi, karibu na ardhi, kuna takriban volti 100 kwa kila mita unayopanda. Ukichota leo, kesho upo. Oleg Jefimenko alizungusha mota za elektrostatiki kwa uga huo nchini Marekani miaka ya 1970, waya mtupu ukiwa umepandishwa juu. Hapa jibu ni ndiyo. Unachotwa, unajaa, unachotwa tena. Unajazwa na mvua za radi zinazonyesha mahali fulani duniani saa zote, kama mwanafizikia C. T. R. Wilson alivyopendekeza miaka ya 1920, na radi zinaendeshwa na joto la Jua.

Shida ni wembamba wa bomba. Mkondo unaoshuka katika anga safi ni kama pikoampea 2 kwa mita ya mraba. Kwa dunia nzima unajumlika kuwa ampea elfu moja na zaidi, chini ya tofauti ya volti laki mbili na nusu au tatu: megawati mia chache kwa sayari yote, sawa na kituo kimoja cha kawaida cha umeme. Ekari nzima haitoshi kuwasha taa ya kiashirio kwenye chaja ya simu.

Aligusia pia nguvu ya Casimir, sahani mbili zinazovutana ndani ya ombwe tupu. Ipo, Hendrik Casimir aliitabiri mwaka 1948 na Steve Lamoreaux akaipima vizuri mwaka 1997. Lakini kwenye pengo la mikromita moja nishati yake ni sehemu nne hivi za bilioni kumi za jouli kwa mita ya mraba, na sahani zikishagusana lazima zitenganishwe kwa gharama ileile. Ni reli ya gololi ileile, ndogo zaidi.

Jumatano. Kapasita

Fundi ameleta mota yake ya mapigo, ile yenye sumaku kwenye gurudumu na koili inayorudisha mapigo yake kwenye betri. Anaonyesha kwamba betri inasoma volti nyingi baada ya kazi kuliko katikati ya kazi. Hilo halina mjadala, betri iliyopumzishwa hupandisha volti kwa kemia yake, na mita haisemi kilichobaki ndani. Ndiyo maana niling'ang'ania lile sharti la pili.

Badala ya betri tumeunga kapasita, kifaa kinachotunza chaji bila kemia, ya mikrofaradi 10,000 iliyojazwa volti 12. Ndani yake kuna jouli 0.72, hazina pa kujificha, na kila wakati volti zinakwambia zimebaki ngapi. Kama koili inarudisha kuliko inavyochukua, volti zitapanda, au angalau zitasimama.

Gurudumu likazunguka kwa msukumo mzuri. Tarakimu zikaanza kushuka papo hapo, haraka kwanza, kisha polepole. Zilipopita volti 6 nilimkumbusha kwamba robo tatu ya nishati imekwisha kuondoka, maana nishati hufuata kipeo cha pili cha volti. Alitaka turudie koili ikiwa imetenganishwa na njia ya kurudishia. Bila kurudisha, volti zilishuka kwa kasi zaidi. Kwa hiyo mzunguko wake unarudisha sehemu ya kweli, ni kazi safi ya fundi na nimemwambia hivyo. Haufikii yote.

Hajasalimu amri. Amehamia kwenye angahewa, ambako sote tunakubali kuna kitu, na anataka tupandishe waya wa mita 10. Nimekubali kwa sharti kwamba hauguswi wala hauachwi juu kukiwa na dalili yoyote ya mvua. Kazi inayofuata ni yangu: multimita yetu ina ukinzani wa megaohmu 10, ambao kwa mkondo wa pikoampea chache utaua volti zote kabla ya kusoma chochote. Nahitaji kujenga kikuza umeme chenye transista ya FET mlangoni (aina inayohisi volti bila kunywa mkondo), na vihami vya teflon vya kushikia waya, visafishwe kwa spiriti na visishikwe kwa mikono mitupu. Fundi anatafuta mlingoti.